Siku Mfadhili Anapoondoka

Jumapili ya tarehe 30 Juni 2024 baba yangu hakula chakula cha mchana. Tulikwisha kumtengea ugali na kuku barazani, nyumbani kwetu Isikizya, naye akanawa mikono kama ilivyo ada, lakini akabaki ameiinamia redio yake ndogo bila kumega hata tonge moja. Redio ilikuwa imetangaza kwamba Yusuf Manji, aliyepata kuwa mwenyekiti wa klabu ya Yanga, amefariki dunia huko Florida, Marekani, akiwa na umri wa miaka 48. Baba hakupata kumwona mtu huyo ana kwa ana hata siku moja. Hata hivyo alikaa kimya kama mtu aliyefiwa na jirani, na mama alipomwuliza kulikoni, alijibu kwa maneno machache tu: "Amekwenda mtu aliyetutoa aibu."

Huenda wewe msomaji ukacheka. Lakini kama umelelewa katika nyumba ambamo mpira husikilizwa kama taarifa ya habari, utanielewa. Baba alistaafu kazi ya reli pale Tabora mjini, akahamia hapa Isikizya, kwenye makao makuu ya wilaya yetu ya Uyui, akaanza kujenga nyumba ya uzeeni. Mapenzi yake kwa Yanga yalianza ujanani. Mpaka leo huisimulia tarehe 1 Juni 1968, Yanga ilipowafunga Sunderland mabao 5 kwa 0, kana kwamba yeye ndiye aliyefunga bao la tano. Na mjomba wangu, kaka yake mama, ambaye ni mpenzi wa Simba, klabu ambayo ndiyo hiyo Sunderland ya zamani, humkatiza kila mara kwa kumkumbusha tarehe 19 Julai 1977, Simba ilipolipa kisasi kwa mabao 6 kwa 0. Utani wa mashemeji hao wawili tumeuzoea tangu utoto.

Siku ile ya msiba mjomba alifika alasiri, akasalimia kwa heshima, akampa baba pole. Walikwenda kuketi chini ya mwembe, kwenye benchi la kahawa, pamoja na mwalimu jirani yetu na fundi baiskeli. Mimi nilikuwa karibu nikichambua mchele. Kwa muda wa kikombe kimoja cha kahawa hakuna aliyetia utani. Kisha mjomba akauliza, kwa sauti ya upole, swali lililouwasha moto: "Shemeji, Mungu amrehemu marehemu. Lakini nieleze, mtu yule aliwaokoa, au aliwanunua?"

Baba akaweka kikombe chini. Alianza na tarehe 6 Mei 2012, siku ambayo Simba iliifunga Yanga mabao 5 kwa 0. Uongozi uliokuwapo ukayumba, mwenyekiti wa wakati ule akajiuzulu mwezi huo huo, na mwezi wa Julai wanachama wakamchagua Manji, mfanyabiashara ambaye alikwisha kuwa mfadhili wa klabu kabla ya hapo. "Kilichofuata ni nini?" baba akauliza, akihesabu kwa vidole. "Ubingwa wa 2013. Ubingwa wa 2015, wa 2016, wa 2017. Makombe manne katika misimu mitano! Mwaka 2016 tukaingia hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Wachezaji walilipwa, kocha alilipwa. Kama huko si kuokoa, basi neno hilo halina maana."

Mwalimu, ambaye ni mtu wa Yanga pia lakini wa aina ya wale wasioridhika upesi, akaleta jambo ambalo nilikuwa nimelisahau. Alikumbusha mchezo wa tarehe 28 Juni 2016 dhidi ya TP Mazembe ya Kongo, ambapo milango ya Uwanja wa Taifa ilifunguliwa, watu wakaingia bila kiingilio. Uwanja ulifurika, na Yanga ikafungwa bao 1 kwa 0. "Mimi sisikitikii lile bao," alisema mwalimu. "Nasikitikia mlango. Mapato ya mlangoni ndiyo shamba la klabu. Mtu mmoja alipoamua kwamba siku ile shamba lisivunwe, hatukumwuliza klabu itakula nini. Tulifurahi kuingia bure."

"Aliyeingia bure ni mnyonge," baba akajibu. "Kuli wa Kariakoo, mama ntilie, kijana asiye na kazi. Siku ile nao walikuwa watu. Hilo nalo mnamlaumu?"

Jibu hilo lilikuwa na uzito, na mwalimu hakulipinga. Ndipo mjomba akatoa hoja aliyokuwa ameihifadhi. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo wa 2016, Manji alisimama mbele ya mkutano wa wanachama, akaomba akodishwe timu pamoja na nembo ya klabu kwa muda wa miaka 10. Katika faida, asilimia 75 ingekuwa yake na 25 ya klabu; na ikiwa ni hasara, angeibeba yeye. "Na nyinyi mkapiga makofi!" alisema mjomba. "Klabu iliyoanzishwa mwaka 1935, tangu enzi za mkoloni, mkataka kuipangisha kama chumba cha uani!"

"Nani mwingine alikuwa tayari kuibeba hasara?" baba akauliza. "Wewe? Mimi? Mtaje mmoja."

Pale benchini hapakuwa na wa kumtaja. Mpango ule wa kukodisha haukutimia, na mwezi wa Mei 2017 Manji akajiuzulu. Sote tunakumbuka yaliyofuata. Mishahara ya wachezaji ikachelewa, na msimu wa 2017/18 Yanga ikamaliza katika nafasi ya tatu. Kocha Mwinyi Zahera, aliyetoka Kongo, akawa anasimama hadharani kuwaomba mashabiki wachange, na watani wakapata neno la kuwachekea: bakuli. Ilipofika mwaka 2019 ikaandaliwa harambee kubwa jijini Dar es Salaam ili klabu ipate fedha za usajili. Baadaye kampuni ya GSM ikaingia kwa nguvu kama mfadhili, mwaka 2021 wanachama wakapitisha katiba mpya, na Julai 2022 wakamchagua Hersi Said kuwa rais wa klabu. Makombe yakarudi. Lakini kati ya mfadhili mmoja na mwingine kulikuwa na jangwa la misimu minne, na katika misimu hiyo minne bingwa alikuwa Simba.

Mjomba alitaka kujisifia hapo, lakini mwalimu akamwahi. Simba nao, alisema, wanachama wao walikutana wakakubali kumpa mfanyabiashara Mohammed Dewji asilimia 49 ya hisa kwa shilingi bilioni 20, nao wabaki na asilimia 51. Na kwa miaka kadhaa baada ya mkutano huo wana Simba wenyewe wakabishana kama fedha hizo zimekwisha ingia au la. Kisha akachukua kijiti akaandika mavumbini. "Bilioni 20 ni nini? Ni mashabiki milioni mbili, kila mmoja akitoa shilingi elfu kumi, mara moja tu. Simba na Yanga kila mmoja hujigamba kuwa na mashabiki zaidi ya hao. Elfu kumi hizo zilikuwa wapi?"

Fundi baiskeli, aliyekuwa kimya muda wote, akacheka na kusema kwamba elfu kumi zake zilikuwa kwenye mabishano ya mpira. Watu wakacheka naye. Baba hakucheka. Alisimama, akakung'uta vumbi kwenye kanzu yake, na kusema kwa sauti ambayo sikuitazamia: "Mlimsema sana! Kila alichotenda mlimsema. Mpaka mtu akachoka, akaondoka. Sasa kaeni na ukuta wenu usio na bati!"

Pale benchini walidhani baba amechanganya maneno kwa sababu ya uchungu. Mimi peke yangu nilijua kwamba hakuchanganya. Yanga haina ukuta usio na bati. Ukuta huo uko nyuma ya nyumba yetu, na maneno yale yalikuwa yananihusu mimi.

Hapo, ndugu msomaji, hapana budi nikueleze habari za nyumbani kwetu. Sisi tumezaliwa wanne, na kaka yetu mkubwa anafanya biashara Dar es Salaam. Miaka ya nyuma tulikuwa na daftari la familia. Kila mwezi kila mmoja wetu alitoa alichokuwa nacho, elfu tano au elfu ishirini, mimi nikiandika kwa kuwa ndiye niliyekaa karibu na wazee. Fedha hizo ndizo zilizonunua kiwanja hiki na kufyatua matofali ya kwanza. Kisha mwaka 2016 mama akaugua sana. Daftari halikutosha hata kwa wiki mbili za hospitali. Kaka akaja kwa basi la usiku, akalipa gharama zote, akamrudisha mama nyumbani mzima. Kabla ya kuondoka alituambia: "Hilo daftari lenu liwekeni kabatini. Mimi nitabeba." Nasi tulifurahi. Wa pili alikuwa na ada za watoto, wa mwisho alikuwa bado anasoma, na mimi, sitaficha, nilifurahi kuliko wote.

Kaka alibeba kweli. Alipandisha kuta za vyumba vinne. Lakini kadiri alivyobeba ndivyo alivyoamua. Aliamua ramani, akaamua fundi, akaamua mwembe mmoja ukatwe. Mdogo wetu aliambiwa masomo gani achukue. Baba alipotaka dirisha la chumba chake litazame barabarani, apate kuwaona wapitao, kaka alijibu kwa simu kwamba ramani imekwisha. Tukaanza kunong'ona. Tulinong'ona jikoni na misibani, na katika simu za usiku ambazo kaka hakupigiwa. Hakuna aliyemwambia usoni, maana nani angemwambia, na alikuwa ametoa shilingi ngapi? Manung'uniko hayo yakamfikia, kama yanavyofika siku zote. Mwaka 2021 biashara yake ikayumba, na badala ya kutueleza akanyamaza. Fedha zikakoma, simu zikakoma. Vyumba viwili vilikuwa vimeezekwa; viwili vingine vilibaki wazi, na kila masika tuliangalia mvua ikiyala matofali.

Usiku ule wa Juni, wazee walipokwisha lala, nilikwenda kabatini kulitafuta daftari. Nililikuta ndani ya kopo la biskuti ambamo baba huweka karatasi zake za thamani. Mstari wa mwisho ulikuwa wa mwezi wa Machi 2016, kwa mwandiko wangu. Chini ya daftari kulikuwa na kadi ya baba ya uanachama wa Yanga, imekunjwa katika karatasi ya nailoni. Nikaifungua kwa heshima, kama mtu afunguaye barua isiyo yake. Ada ya mwisho ilikuwa imelipwa mwaka 2011.

Nilikaa kitako sakafuni na vitu hivyo viwili mkononi. Baba yangu, ambaye angeweza kutetea heshima ya Yanga mbele ya hakimu, hakulipa ada hata mara moja katika miaka yote ya Manji. Nami, niliyemlaumu kaka kwa kutawala nyumba ya wazee wetu, sikutoa hata elfu tano katika miaka yote ya kaka. Hatukuwa watu wabaya. Tulikuwa tumeokolewa, na aliyeokolewa aghalabu hudhani kwamba kazi yake iliyobaki ni kushukuru au kulalamika.

Tangu usiku huo nimekuwa nikiwaza habari za misafara. Sisi wa Unyamwezini tumezaliwa juu ya njia ya zamani itokayo Bagamoyo, ikapita Tabora, ikaenda Ujiji, na wazee wetu ndio waliokuwa wapagazi wake. Misafara hiyo nayo ilikuwa na wafadhili. Tharia Topan, tajiri wa Unguja, ndiye aliyemkopesha Tippu Tip mali ya kwendea bara. Biashara yenyewe ilikuwa na dhuluma nyingi, na pembe za ndovu hazikuwa bidhaa yake pekee, siisifu. Lakini kuna jambo moja ambalo babu zetu walilijua. Tajiri alitoa mali, wala pasipo mali hiyo safari isingekuwapo. Mbele ya msafara alitembea kirangozi, aliyeijua njia. Na kila mpagazi alikuwa na mzigo wake na posho yake, akijua uzito wa mmoja na kiasi cha nyingine; ikiwa posho haikutolewa, aliuliza, na ikiwa hakujibiwa, aliweka mzigo chini. Tajiri hakuweza kumdharau mpagazi, kwa sababu mzigo haukuweza kutembea wenyewe. Sisi wajukuu tumeuweka mzigo chini kwa hiari yetu, tukampisha tajiri aubebe, kisha tukashangaa kwamba amechagua njia.

Wala hili si jambo la Dar es Salaam tu. Watu wa Tabora tumeliona mlangoni petu. Timu ya Kitayosce, ambayo chimbuko lake ni Kilimanjaro, ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2023 na kuwa Tabora United, tulishangilia kwamba sasa Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi utapata uhai. Mchezo wake wa kwanza, mwezi wa Agosti mwaka huo, ilikwenda kucheza na Azam kule Chamazi ikiwa na wachezaji 8 tu, kwa kuwa wengine usajili wao haukuwa umekamilika. Ilikwisha fungwa mabao 4 pale wachezaji wake walipopungua mno na mwamuzi akauvunja mchezo. Timu hiyo hiyo, Novemba 2024, iliifunga Yanga mabao 3 kwa 1! Na mwaka 2025 ikaingia mikononi mwa Mamlaka ya Mapato Tanzania, ikaitwa TRA United. Mishahara ya uhakika ni jambo jema, nami simlaumu aliyeichukua timu. Lakini nilimsikia kijana mmoja stendi ya Tabora akilalamika kwamba jina la mji limefutwa, nikataka kumwuliza amenunua tiketi ngapi. Sikumwuliza, maana mimi mwenyewe sikununua hata moja.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, nikiulizwa leo kama Manji aliiokoa Yanga au aliinunua, nitasema kwamba aliiokoa, na kwamba sisi ndio tuliomwacha karibu ainunue. Baba ana haki ya kumlilia. Mjomba ana haki ya kuuliza. Lakini mabishano yao yote yalikuwa juu ya mtu mmoja, wakati swali lenyewe linawahusu maelfu. Mfadhili apimwe kwa makombe, sawa; lakini apimwe pia kwa kile kinachobaki siku anapoondoka: kama kuna akiba, kama kuna hesabu zinazosomeka, kama kuna watu wanaojua kuendesha jambo bila yeye. Nasi wanachama tupimwe kwa yale tuliyotoa siku alizokuwapo, wala si kwa kelele tulizopiga alipokwisha toka.

Mwezi wa Desemba 2024 nilimpigia kaka simu. Nilimweleza habari za kopo la biskuti, bila kujitetea, nikamwomba aje tukae kikao. Alikuja. Alikuwa amekonda, na mvi zimemtoka. Tulikaa barazani, sote wanne na wazee, mjomba akiwa mwenyekiti kwa kuwa yeye hana upande. Kaka alieleza hali ya biashara yake, kisha akasema jambo ambalo sikulitazamia: kwamba tangu 2018 alikuwa akiogopa kupokea simu yoyote kutoka nyumbani, kwa maana kila simu ilikuwa na bei. Nasi tukamweleza habari za dirisha, na za mwembe. Mdogo wetu alilia. Sitasema kwamba yote yalipona siku ile; kuna maneno yaliyosemwa ambayo bado yana makali.

Kabla ya kuagana nililifungua daftari, nikapiga mstari chini ya Machi 2016, nikaandika tarehe mpya. Nilitangulia mimi kwa elfu kumi. Wengine wakafuata, na kaka akatoa sawa na sisi, wala hatukumwomba zaidi. Ndipo baba akatia mkono mfukoni, akatoa noti ya elfu tano katika pensheni yake. Tukamkataza, akakataa kukatazwa. Alisema anaitoa kwa ajili ya dirisha.

Mjomba akamwuliza kama kadi ya Yanga nayo atailipia. Baba akamtazama kwa muda mrefu. "Shemeji," alisema, "mambo ya klabu yetu tuachie wenyewe." Lakini asubuhi yake aliniomba nimfuatilie habari za ada katika simu yangu, nikamsomea hatua moja baada ya nyingine, naye akalipa.

Chumba cha baba sasa kimeezekwa. Dirisha linatazama barabarani.